Heshima ya Fundi katika Nchi ya Ujerumani

Majina ya watu hueleza mengi juu ya taifa lao. Katika Ujerumani majina matano ya ukoo yaliyoenea kupita mengine ni Müller, Schmidt, Schneider, Fischer na Weber. Maana yake ni msaga nafaka, mhunzi, mshonaji, mvuvi na mfumaji. Hapo kale mtu alijulikana kwa kazi ya mikono yake, na wajukuu wakalirithi jina hata walipoiacha kazi.

Heshima hiyo imo katika lugha pia. Kazi ya ujuzi huitwa Beruf, neno lililotokana na kitenzi chenye maana ya kuita. Martin Luther, aliyetoa tafsiri yake ya Agano Jipya mwaka 1522, alifundisha kwamba fundi viatu ameitwa na Mungu katika kazi yake kama vile padre alivyoitwa katika yake.

MWANAGENZI

Kijana atakaye kuwa seremala, mwashi, mwokaji mikate au fundi wa umeme hufanya mapatano ya maandishi na mwajiri. Kwa kawaida hukaa kazini siku tatu au nne katika juma, na siku zilizobaki huenda shuleni kujifunza hesabu, michoro na elimu ya kazi yake. Mwajiri humlipa posho muda wote wa mafunzo, ambao ni miaka miwili mpaka mitatu na nusu. Mwishoni hutahiniwa na baraza lenye wajumbe wa waajiri, wa wafanyakazi na walimu. Sheria ya mwaka 1969 ilithibitisha utaratibu huu kwa nchi ya Ujerumani Magharibi. Leo kazi zinazofundishwa hivyo zapita 300, wala si za nyundo na randa tu. Makarani wa benki na wa ofisi hupita njia hiyo hiyo.

Fundi aliyeshinda mtihani huitwa Geselle. Wachache miongoni mwao hufuata bado desturi ya kale ya kusafiri kutafuta ujuzi. Huvaa nguo nyeusi na kofia pana, hushika fimbo, na kwa miaka mitatu na siku moja hawaruhusiwi kukaribia kwao kwa umbali wa kilometa 50. Asafiriye hivyo sharti asiwe na mke wala deni, naye hupata chakula na malazi kwa kazi ya mikono yake. Kwa muda mrefu safari hizo zilikuwa za wanaume tu, lakini tangu miaka ya 1980 wanawake nao husafiri.

Ngazi ya juu ni Meister, yaani fundi mkuu. Mtihani wake una sehemu nne: kufanya kazi yenyewe, kueleza elimu yake, kujua hesabu za biashara na sheria, na kujua kufundisha wanagenzi. Tangu mwaka 2012 cheti hicho kimewekwa daraja moja na shahada ya kwanza ya chuo kikuu.

MLANGO NA KUFULI

Lakini mlango unaolinda heshima huweza pia kuwafungia watu nje. Vyama vya mafundi wa zamani viliwakataa Wayahudi, watoto waliozaliwa nje ya ndoa, na hata wana wa wanyongaji. Ilikuwa mwaka 1810 ndipo serikali ya Prussia ilipoondoa amri ya vyama hivyo juu ya nani afanye kazi gani.

Ubishi huo haujaisha. Sheria ya mwaka 1953 katika Ujerumani Magharibi iliagiza kwamba mtu asifungue karakana ya ufundi pasipo cheti cha Meister. Mwaka 2004 kazi 53 ziliondolewa sharti hilo ili watu wengi zaidi wapate kujiajiri. Katika kazi ya kutandika vigae biashara ziliongezeka upesi sana, lakini nyingi zilikuwa za mtu mmoja asiye na mwanagenzi, na idadi ya vijana waliofundishwa ikapungua. Mwaka 2020 sharti lilirudishwa kwa kazi 12, na ya vigae ikawamo.

Tena, katika majimbo mengi watoto hugawanywa katika shule mbalimbali wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, na wazazi wengi hutamani watoto wao wafuate njia ya chuo kikuu. Hivyo karakana nyingi zimekosa wanagenzi. Baada ya mwaka 2015 baadhi ya nafasi hizo zilichukuliwa na vijana waliokimbia vita katika Syria na Afghanistan, na wengi wao waliingia katika maisha ya Wajerumani kwa njia ya kazi. Lakini kwa kazi nyingi fundi mgeni, hata akiwa na ujuzi wa miaka ishirini, hana budi kupeleka vyeti vyake vipimwe kwanza.

Ujuzi hauzeeki, nao Wajerumani wana njia yao ya kuulinda. Kwao haitoshi fundi mkuu kujua kazi. Sharti ajue pia kuandika hesabu zake, na kumfundisha kijana atakayeshika kazi hiyo baada yake.