Mintarafu ya Jina la Gesi Bwete

Katika Kiswahili, gesi sita, nazo ni heli, neoni, argoni, kriptoni, zenoni na radoni, huitwa pengine gesi bwete, pengine gesi ajizi, na pengine gesi adimu. Kila jina katika hayo ladai jambo fulani juu ya tabia ya vitu vyenyewe. Yafaa basi kuyapima kwa yale yaliyovumbuliwa.

Mwanzo wake ulikuwa tofauti ndogo ya uzito. Mwaka 1892 Lord Rayleigh wa Uingereza alitangaza kwamba naitrojeni itokayo hewani ni nzito kidogo kuliko ile itokayo katika amonia. Vipimo vilivyofuata vilionyesha gramu 1.257 kwa lita, dhidi ya 1.251. Mwingine angalidhani mizani imekosa. Yeye na William Ramsay waliifuatia tofauti hiyo hata mwaka 1894 wakapata gesi isiyoungana na kitu chochote walichoijaribu nacho. Wakaiita argoni, neno la Kiyunani lenye maana ya mvivu. Bwete na ajizi, kwa hiyo, ni watoto wa jina hilo.

Sababu ya uvivu imo katika elektroni. Atomu huungana kwa kupeana elektroni za tabaka la nje au kwa kuzishiriki pamoja. Tabaka la heli limejaa kwa elektroni 2, na la kila moja katika zile nyingine lina 8. Hakuna upungufu wa kujaziwa wala ziada ya kutolewa. Lakini katika atomu kubwa tabaka hilo li mbali na kiini, nacho hulishika kwa nguvu haba zaidi.

Hilo ndilo alilolitumia Neil Bartlett mwaka 1962, huko Vancouver, Kanada. Alikwisha ona kwamba platini heksafloridi yaweza kuinyang'anya oksijeni elektroni. Kuing'oa elektroni ya molekuli ya oksijeni kwahitaji kadiri ya kilojuli 1165 kwa moli; ya zenoni, 1170. Akazikutanisha gesi hizo mbili, na mara ikatokea kampaundi yabisi ya rangi ya manjano iliyoiva. Katika mwaka huo huo zenoni iliunganishwa na florini peke yake, na kriptoni ikafuata. Mwaka 2000, huko Helsinki, hata argoni ilifungwa pamoja na hidrojeni na florini, ingawa katika baridi kali mno.

Tangu hapo bwete na ajizi yana kasoro katika shina la maana. Adimu nalo halikosi kasoro: argoni ni asilimia 0.93 ya hewa, zaidi ya mara 20 ya kaboni dioksidi. Hata hivyo zenoni haifiki sehemu moja katika milioni kumi, na wenzake hawako mbali sana na uhaba huo. Wajerumani walichagua neno la uungwana, wakizifananisha na dhahabu isiyopata kutu. Lakini katika Kiswahili cha pwani muungwana alitajwa kinyume cha mtumwa, na neno lenye mzigo huo ni zito kwa kitabu cha shule. Adimu, linalokosea juu ya gesi moja tu, ni afadhali kuliko jina linalokosea juu ya tabia.

Neoni yaweza kudai jina la bwete kwa haki, kwa kuwa hata sasa haijulikani kuwa na kampaundi yenye kifungo cha kweli cha kemia.