Kazi ya Fundi Katika Kuongoza Ndege

Ukiwauliza wanafunzi wa darasa letu nani apenda kazi ya ndege, karibu wote watajibu kwamba wataka kuwa marubani. Wachache watataja waongoza ndege, wale wakaao chini wakitazama rada na kumwambia rubani kwa redio apande, ashuke au angoje. Fundi atunzaye redio hiyo hatajwi na mtu. Nami naona astahili kutajwa.

Yafaa kwanza tufahamu kwamba mwongoza ndege hana usukani. Chombo chake ni sauti. Rada humwonyesha ndege ziko wapi, lakini bila redio hawezi kuzigeuza njia. Ndiyo maana vituo vikubwa huwekewa mtambo wa pili wa akiba, na mafundi wa kuitunza yote miwili.

Mambo yaliyotokea Marekani tarehe 14 Septemba, 2004, yatuonyesha uzito wa kazi hiyo. Katika mji wa Palmdale, California, kipo kituo kiongozacho ndege katika eneo kubwa la kusini-magharibi ya nchi ile. Jioni hiyo mtambo wa sauti ulizimika ghafula. Mtambo wa akiba ulipowashwa, nao ukazimika baada ya muda mfupi tu. Ndege kama 400 zilikuwa angani, na waongozaji waliziona katika rada wasiweze kusema nazo. Wengine walitumia simu zao za mkononi kuwaarifu wenzao wa vituo vingine. Angalau mara 5 ndege zilikaribiana kupita kiasi kilichoruhusiwa. Kwa bahati njema, ndege kubwa huwa na chombo kimwonyacho rubani kwamba ndege nyingine yamkaribia, na hakuna zilizogongana.

Je, sababu ilikuwa nini? Ndani ya mtambo ule ilikuwamo kompyuta iliyohesabu wakati kwa kurudi nyuma, ikipunguza moja kila sehemu ya elfu ya sekunde. Ilianza na hesabu kubwa kuliko zote ilizoweza kushika, yaani kama 4,294,967,000. Siku moja ina sehemu 86,400,000 za namna hiyo. Ukigawanya utapata siku 49 na saa 17 hivi. Hesabu ikifika sifuri, mtambo hujizima. Ulikuwa kama saa ya ukutani ya kutia ufunguo: usipoitia kwa wakati wake, itasimama.

Hitilafu hiyo ilijulikana mapema. Dawa iliyowekwa ni kwamba kila siku 30 fundi auzime mtambo na kuuwasha upya, ili hesabu ianze tena mwanzo. Safari ile kazi hiyo haikufanywa, na hesabu ikaisha.

Wako wasemao kwamba kosa lote ni la fundi. Mimi sikubali. Kusahau ni tabia ya binadamu, na si haki usalama wa watu maelfu kuning'inia juu ya kumbukumbu ya mtu mmoja, hasa ikiwa hakufundishwa vya kutosha. Dawa ya kweli ni kuiondoa hitilafu yenyewe. Na baada ya mkasa ule programu ilitengenezwa ili kompyuta ijirudishie hesabu bila kungoja mkono wa mtu. Tena mtambo wa akiba hauna budi kujaribiwa mara kwa mara, maana siku ya shida si siku ya kuujaribu.

Lakini mpaka hitilafu iondolewe, kazi ile ndogo ya kila siku 30 ni sawa na kazi ya rubani. Basi, wazazi wetu, mtoto akiwaambia ataka kuwa fundi wa mitambo, msidhani ameshindwa na masomo. Nasi wanafunzi tunaopenda Hesabu na Fizikia, tukumbuke kwamba ndege haziongozwi na watu waliovaa kofia za urubani peke yao.

Mwanafunzi, Kidato cha IV