Fundi na Nahodha Wapande Chombo Kimoja

Mwananchi anayevuka bahari kutoka Pemba kuja Unguja kwa ajili ya hati moja, akapanga foleni tangu asubuhi, kisha akaambiwa dirishani kwamba sistimu iko chini, hana la kufanya ila arudi kesho. Nauli ya boti haimrejei, na malazi ya usiku huo ni juu yake mwenyewe. Sisi nasi tulikuwa katika foleni ya namna hiyo siku moja, katika afisi ambayo hatutaitaja, na tuliona jambo lililotufanya tushike kalamu. Karani aliyekuwa dirishani, kijana mwenye adabu njema, alikuwa na daftari la skuli ambamo aliandika kila siku saa ambayo mfumo ulikatika na saa uliporejea. Tulimwuliza daftari lile humpelekea nani. Alitujibu kwamba hajapata kuulizwa na mtu.

Hapana shaka wako watakaosema kwamba dawa ya maradhi haya ni kununua mitambo mikubwa zaidi. Yamkini mitambo nayo inahitajika. Lakini yaliyowapata wenzetu waliotutangulia katika kazi hii yanaonyesha kwamba mara nyingi maradhi yamo katika ukuta uliojengwa baina ya watu wawili: yule anayeunda programu za kompyuta, na yule anayeziendesha usiku na mchana. Wa kwanza husifiwa kwa kuleta mapya. Wa pili hulaumiwa kila kinapoharibika kitu, na kwa hiyo huyaogopa mapya kama mgonjwa aogopavyo sindano. Kila mmoja anatimiza wajibu aliopewa, na baina yao anaumia mwenye shida dirishani. Fundi aliyeunda jahazi katika pwani zetu hakuwa mtu wa mbali na nahodha; chombo kikivuja, mlango wa fundi ulijulikana. Katika mifumo ya kompyuta desturi imekuwa kinyume: fundi hukabidhi chombo, hupokea malipo yake, akaenda zake.

Juhudi za kuubomoa ukuta huo zimepewa jina la devopsi, neno lililoungwa kwa vipande viwili vya Kiingereza vyenye maana ya kuunda na kuendesha. Mwezi Juni 1909 ingekuwa hadithi ya kale. Hii ni ya juzi tu, Juni 2009, ambapo wahandisi wawili wa kampuni ya picha ya Flickr, John Allspaw na Paul Hammond, walisimama mbele ya mkutano mjini San Jose, Marekani, wakaeleza kwamba kwao mabadiliko ya programu huingizwa kazini zaidi ya mara kumi kwa siku. Mahali pengi wakati huo jambo hilo lilifanyika mara chache kwa mwaka, tena kwa hofu. Oktoba ya mwaka huo huo Mbelgiji Patrick Debois aliitisha mkutano mjini Ghent, na jina hilo likashika.

Lakini kwa wasomaji wetu walio serikalini, mfano unaofaa kutazamwa kwa makini ni wa serikali, wala si wa kampuni ya picha.

Tarehe 1 Oktoba 2013 Serikali ya Marekani ilifungua mtandao wa HealthCare.gov, ambao kwa huo wananchi wa majimbo 36 walitakiwa kujiandikisha katika bima ya afya chini ya sheria ya Rais Barack Obama. Siku ilikuwa imetangazwa, viongozi walikuwa wamekwisha kuahidi. Siku hiyo ya kwanza waliofanikiwa kumaliza kujiandikisha walikuwa watu sita. Hatukukosea tarakimu: sita.

Fedha hazikupungua, wala wataalamu hawakukosekana. Makampuni yaliyopewa kandarasi yalikuwa 55, kila moja na kipande chake. Wakuu wa baadhi ya makampuni hayo walipoitwa mbele ya kamati ya Bunge mwezi huo huo, walikiri kwamba majaribio ya mfumo mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, yalifanywa katika wiki mbili tu za mwisho. Waliokwenda kuokoa jahazi walikuta hata ubao wa vipimo haupo, yaani mahali pa kutazama na kuona ni watu wangapi wamo ndani ya mfumo na ni wapi wanapokwama. Walipouliza nani msimamizi wa yote, jibu halikupatikana. Huo ndio ukuta tuliousema, ila huko ulikuwa umejengwa mara hamsini na tano.

Miongoni mwa walioitwa kuokoa alikuwamo Mikey Dickerson, mhandisi kutoka Google aliyezoea kuendesha mifumo mikubwa. Waundaji na waendeshaji walikutanishwa asubuhi na jioni, kila siku. Masharti ya vikao yalikuwa machache, nayo yanastahili kubandikwa katika kila ukumbi wa mikutano visiwani humu: kikao ni cha kutatua matatizo, na anayetaka kurushia wenzake lawama atafute pahala pengine; anayezungumza ni yule anayelijua jambo zaidi, hata kama cheo chake ni kidogo kuliko vyote; na linaloshughulikiwa ni lile litakaloleta madhara leo au kesho. Kufikia tarehe 1 Desemba kasoro zaidi ya 400 zilikuwa zimerekebishwa, na mfumo uliweza kuhudumia watu 50,000 kwa wakati mmoja. Hadi Aprili 2014 zaidi ya watu milioni nane walikuwa wamechagua bima katika nchi nzima, pamoja na wale wa majimbo yenye mitandao yao wenyewe. Ni kweli kwamba mitambo iliongezwa. Lakini makampuni kwa sehemu kubwa yalikuwa yale yale, na sheria ilikuwa ile ile. Kilichobadilika hasa ni nani anazungumza na nani, na mara ngapi.

Makampuni ya biashara nayo yamepata funzo lao. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital, iliyokuwa ikiuza na kununua hisa huko New York, iliingiza programu mpya katika seva zake nane. Fundi aliisahau seva moja, na hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua wala mashine ya kuhakikisha. Programu ya zamani iliyobaki humo iliamka na kuanza kununua na kuuza ovyo. Katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440, na mwaka uliofuata ikachukuliwa na wenzake. Kazi inayorudiwa mara kwa mara, ambayo kosa lake moja linaweza kufilisi nyumba, haifai kuachiwa kumbukumbu ya mtu mmoja aliyechoka. Ifanywe na mashine, kwa namna ile ile kila mara, na ijaribiwe na mashine kabla haijamfikia mteja.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nasi tulikuwa miongoni mwao. Tulidhani anayebadilisha mara nyingi ndiye anayeharibu mara nyingi. Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim, katika kitabu chao Accelerate cha mwaka 2018, walikusanya majibu zaidi ya 23,000 kutoka taasisi zaidi ya 2,000 katika miaka minne, wakaona kwamba wanaobadilisha kidogo kidogo na mara nyingi ndio hao hao wanaoharibu kidogo na kurejesha huduma upesi, na taasisi zao hufikia malengo yao zaidi ya wengine. Si muujiza. Badiliko dogo likikosea hujulikana mara moja ni lipi, nalo hurudishwa. Lakini mzigo wa mabadiliko ya miezi sita ukianguka, nani ataokota kipande kilichouvunja? Na liko jambo jingine humo ambalo halitawapendeza baadhi ya maafisa. Mabadiliko yaliyosubiri idhini ya kamati au mkubwa aliye nje ya kazi yenyewe yalichelewa, na wala hayakupunguza makosa kuliko mengine. Saini tano juu ya karatasi hazikuwa kinga. Majibu hayo, ni kweli, yalitolewa na wahusika wenyewe, na mtu hujisifu; lakini yanalingana mno na yale tunayoyaona kwa macho yetu.

Waandishi hao waliazima pia fikra za Ron Westrum, mwanazuoni wa Marekani aliyegawa taasisi katika mafungu matatu kwa namna zinavyopokea habari mbaya. Ziko zinazomwadhibu aliyeileta, ziko zinazompuuza, na ziko zinazomfundisha kuileta mapema. Tulipoyasoma hayo tulilikumbuka daftari la yule kijana. Hakuadhibiwa, tunashukuru, alipuuzwa. Na ndani ya daftari lile mlikuwa na kile kile ambacho waokoaji wa HealthCare.gov walilazimika kukianzisha upya, yaani hesabu ya lini huduma hukatika na kwa muda gani.

Tunaogopa jambo moja. Devopsi imekwisha kuwa bidhaa, na wachuuzi wake ni wengi. Si ajabu kesho tukasikia kimeundwa Kitengo cha Devopsi, chenye mkurugenzi, gari na muhuri, kikakaa baina ya waundaji na waendeshaji. Badala ya ukuta mmoja tutakuwa na miwili.

Waheshimiwa wanaotia saini mikataba ya mifumo hii wanaweza kuanza bila ya kitengo chochote. Mkataba ujao useme kwamba atakayeunda mfumo atabaki zamu ya kuuendesha pamoja na vijana wetu kwa mwaka mzima baada ya kukabidhi, na sehemu ya malipo yake izuiliwe hadi hapo. Useme kwamba mfumo utafunguliwa kwanza kwa shehia moja, halafu wilaya moja, hata kama sherehe ya uzinduzi itakuwa ndogo na Waziri hatakata utepe. Useme jina na simu ya mtu atakayeamshwa saa nane za usiku mfumo ukianguka, na kwamba huyo atakuwa na mamlaka ya kurekebisha bila kusubiri Jumatatu. Na kabla hata ya mkataba huo, wiki hii hii, afisa mmoja ashuke ghorofani, aende kwa karani wa dirishani, amwombe daftari lake.