Kuachishwa Kazi Tanzania Bara: Sababu, Utaratibu na Hesabu ya Siku

Mwajiri wa Tanzania Bara anayo haki ya kumwachisha mfanyakazi kazi, ila haki hiyo ina masharti mawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inamtaka awe na sababu halali, na inamtaka afuate utaratibu wa haki kabla ya kufikia uamuzi. Kila sharti linajitegemea. Mtunza stoo aliyeiba kweli, akazuiwa getini asubuhi iliyofuata bila kusikilizwa, ameachishwa isivyo haki. Mwenzake aliyeitwa kwenye kikao cha nidhamu kilichotimiza kila kanuni, lakini wizi wenyewe haukuthibitishwa, naye ameachishwa isivyo haki. Mzigo wa kuthibitisha yote mawili uko kwa mwajiri. Mfanyakazi akishaonyesha kwamba aliachishwa, ni mwajiri anayepaswa kueleza kwa nini na kwa njia gani.

Jambo la kwanza kuulizwa ni kama anayelalamika ni mfanyakazi machoni pa sheria. Wanajeshi wa JWTZ, polisi, askari magereza na walio katika JKT wamewekwa nje ya sheria hii. Watumishi wa umma wana njia zao za ndani ya utumishi, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma, ambazo hutakiwa kuzimaliza kwanza. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Waliobaki, kuanzia dereva wa lori hadi mhasibu wa benki na msichana wa kazi za nyumbani, wamo.

Utata mkubwa huwa kwa kibarua asiye na karatasi yoyote. Kauli ya “huna mkataba, huna kesi” husikika sana viwandani na kwenye maeneo ya ujenzi, na haina msingi. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, imeweka dalili kadhaa ambazo hata moja tu ikionekana, mtu huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Miongoni mwa dalili hizo: namna ya kufanya kazi au saa zake hupangwa na mwingine, mtu anamtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi, anapewa naye vifaa vya kazi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi si nyingi. Kibarua anayeitwa siku mbili tu kila wiki, saa nane kila siku, amezivuka. Wajibu wa kuandika masharti ya kazi ni wa mwajiri. Asipoweza kuyatoa kwa maandishi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayosikiliza migogoro ya kazi, na mfanyakazi akadai kwamba walikubaliana mshahara fulani, ni mwajiri wa kuthibitisha kwamba sivyo.

Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimfuniki aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita. Aliye kwenye kipindi cha majaribio naye, kipindi ambacho Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka kisizidi miezi 12, hawezi kudai sawa na aliyekwisha kuthibitishwa. Mahakama ya Rufani imelisema hilo zaidi ya mara moja. Hata hivyo, kanuni zilezile zinataka aelezwe upungufu wake na apewe nafasi ya kujirekebisha. Mkataba wa muda maalumu hufikia mwisho wake tarehe yake inapotimia, bila kuhitaji sababu nyingine. Ila mwajiri akiwa amemjengea mfanyakazi matumaini ya msingi kwamba utahuishwa, kwa ahadi au kwa kuuhuisha mara kwa mara huko nyuma, kisha akakataa, kukataa huko kunahesabiwa kuwa ni kuachisha kazi.

Sababu halali ni za aina chache: mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake (utendaji au afya), kushindwa kupatana na wenzake kazini, na mahitaji ya uendeshaji wa shughuli za mwajiri. Ujauzito, ulemavu, uanachama wa chama cha wafanyakazi, kushiriki mgomo halali, au kumlalamikia mwajiri anapovunja sheria, haviwezi kamwe kuwa sababu. Kwa upande wa mwenendo, kosa la kwanza kwa kawaida halimfukuzishi mtu, linastahili onyo. Yanayoweza kumfukuzisha mara moja ni mazito: ukosefu mkubwa wa uaminifu, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe uliopita kiasi, kumpiga mtu, na ukaidi mkubwa. Hata hapo msuluhishi au mwamuzi atauliza kama kanuni iliyovunjwa ilikuwapo, kama mfanyakazi aliijua, na kama wengine walioivunja walitendewa hivyohivyo. Swali hili la mwisho huwaumiza waajiri wengi. Kampuni iliyomvumilia meneja mlevi kwa miaka mitatu itapata taabu kueleza kwa nini mlinzi alifukuzwa kwa siku moja ya ulevi.

Utaratibu ndio eneo ambalo mashauri mengi yenye sababu nzuri huharibikia. Kanuni za 2007 zimeupanga hatua kwa hatua. Kwanza, mwajiri anachunguza kama kweli kuna jambo la kujibiwa. Kisha mfanyakazi anapewa tuhuma kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, pamoja na muda wa kutosha wa kujiandaa usiopungua saa 48. Anaruhusiwa kuja kwenye kikao na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Kikao kinaongozwa na mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na tukio. Ushahidi unatolewa mbele ya mtuhumiwa, naye anapata nafasi ya kuuhoji na kuita mashahidi wake. Akitiwa hatiani, anasikilizwa tena juu ya adhabu: muda aliotumikia, rekodi yake, hali yake ya nyumbani. Uamuzi unatolewa na sababu zake, pamoja na maelezo ya namna ya kukata rufaa ndani ya kampuni.

Barua ya kujieleza haikidhi haya yote, ingawa ofisi nyingi huichukulia kuwa ndicho kikao chenyewe: mfanyakazi anaandikiwa Ijumaa ajieleze, anajibu Jumatatu, na Jumanne anapokea barua ya kuachishwa yenye maneno “maelezo yako hayakuridhisha uongozi”. Barua ile ni sehemu ya uchunguzi tu. Vivyo hivyo, kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi si adhabu. Mshahara wote unaendelea kulipwa. Mwajiri anayekata nusu ya mshahara wa mtu aliyemsimamisha amekwisha kumwadhibu kabla ya kumsikiliza.

Wapo wanaodhani njia fupi ni kumtaka mfanyakazi ajiuzulu mwenyewe. Chumbani mwa meneja wa rasilimaliwatu anawekewa karatasi mbili, moja ya kuacha kazi kwa hiari na nyingine ya kwenda polisi. Sheria imeliona hilo. Mfanyakazi aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike anahesabiwa kuwa ameachishwa. Ugumu uko katika kuthibitisha, kwa kuwa barua ina saini yake, na mzigo wa kuonyesha shinikizo hilo unaanza kwake yeye. Aliyetoka nje ya chumba hicho na kuandika siku hiyohiyo kulalamika kwamba alilazimishwa yuko mahali pazuri kuliko anayekumbuka kulalamika baada ya miezi miwili.

Kupunguzwa kazi kwa sababu za kiuchumi, kiteknolojia au kimuundo kuna utaratibu wake. Mwajiri anatoa taarifa ya kusudio, anaweka wazi taarifa zinazohusika, na anashauriana na chama cha wafanyakazi au, pasipokuwa na chama, na wafanyakazi wenyewe. Mashauriano yanagusa sababu, njia za kuepusha au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda, na malipo. Yote hayo yanatakiwa kufanyika uamuzi ukiwa bado haujafungwa. Mkutano unaoitishwa huku barua zikiwa zimekwisha kuchapwa na majina kujazwa ni tangazo tu, na wafanyakazi huligundua hilo kwa kulinganisha tarehe ya barua na tarehe ya mkutano.

Notisi nayo hueleweka vibaya. Ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7. Baada ya hapo ni siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Inaandikwa, inataja sababu na tarehe ya kutolewa, na haiwezi kutolewa mtu akiwa likizoni. Mwajiri anaweza kulipa fedha badala yake. Lakini malipo ya notisi hayanunui sababu. Mfanyakazi aliyekabidhiwa mshahara wa mwezi mmoja na kuambiwa “kampuni haikuhitaji tena” hajaachishwa kwa haki kwa kuwa tu amelipwa notisi.

Siku ya mwisho mfanyakazi anastahili mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo aliyoistahili na hakuitumia, notisi kama hakuitumikia, na cheti cha utumishi. Aliyefikisha miezi 12 mfululizo na kuachishwa na mwajiri anastahili pia kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka 10. Chukua mtu mwenye mshahara wa msingi wa Sh 520,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Kwa kugawanya kwa siku 26, mshahara wake wa siku ni Sh 20,000. Siku 7 ni Sh 140,000. Akiwa ametumikia miaka sita na miezi minne, miezi minne haihesabiwi, na kiinua mgongo chake ni Sh 840,000. Aliyetumikia miaka 18 hapati zaidi ya Sh 1,400,000, kwa sababu ya ukomo wa miaka 10. Ni kiwango kidogo kwa maisha ya kazi ya mtu, ila ndicho cha chini kisheria, na mkataba wa hali bora unaweza kukipandisha. Aliyefukuzwa kwa haki kwa kosa la mwenendo hakipati. Mafao ya NSSF ni jambo tofauti kabisa: michango ni ya mwanachama, na mwajiri hawezi kuyahesabu kama sehemu ya alicholipa.

Aliyeachishwa mbali na alikoajiriwa anasafirishwa yeye, familia yake na mizigo yake hadi mahali alipoajiriwa, au analipwa gharama za safari hiyo, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri. Kinachotazamwa ni mahali pa kuajiriwa, si kijiji alikozaliwa. Aliyetoka Bukoba akajitafutia kazi Dar es Salaam na kuajiriwa hapohapo hana nauli ya Bukoba ya kudai.

Kukata fedha katika malipo hayo kwa ajili ya “upotevu” au “kifaa kilichovunjika” kuna mipaka. Kunahitaji makubaliano ya maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kiasi na namna kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi hasara halisi wala robo ya mshahara wake wa fedha. Msimamizi wa duka anayegawanya upungufu wa hesabu ya mwezi kwa wauzaji wote sawasawa amevunja karibu kila sharti hapo.

Anayepinga kuachishwa anapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama madai ya mshahara usiolipwa, ina siku 60. Siku 30 huhesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa, au tangu uamuzi wa mwisho wa mwajiri pale palipokuwa na rufaa ya ndani. Hapa ndipo wengi hupoteza haki zao. Mtu anapokea barua, anaanza kumbembeleza bosi, anatuma wazee, anaahidiwa “tutakuita”, na siku zinapita. Mazungumzo ya pembeni hayasimamishi hesabu. Aliyechelewa anaweza kuomba Tume imruhusu nje ya muda, lakini atatakiwa kueleza sababu za kila kipindi cha kuchelewa, na “nilikuwa nasubiri majibu ya mwajiri” mara nyingi halitoshi. Shauri huanza kwa fomu ya Tume, ambayo nakala yake lazima mwajiri apewe. Sehemu ya fomu inayohusu kuachishwa ijazwe kwa makini, sababu na utaratibu vyote, kwa kuwa kisichodaiwa hapo ni vigumu kukidai baadaye.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi, unaopewa siku 30. Msuluhishi hatoi hukumu. Anawakutanisha, anawaonyesha udhaifu wa kila upande, na mengi yakienda vizuri huishia hapo kwa hati ya makubaliano. Mlalamikaji asipotokea, shauri lake linaweza kufutwa; mwajiri asipotokea, uamuzi unaweza kutolewa bila yeye. Usuluhishi ukishindwa, shauri linakwenda kwa mwamuzi, anayesikiliza ushahidi na kutoa tuzo.

Mwamuzi akikuta kuachishwa hakukuwa kwa haki anaweza kuamuru mfanyakazi arudishwe kana kwamba hakuondoka, aajiriwe upya kwa masharti yatakayowekwa, au alipwe fidia. Sheria ilivyotungwa 2004 iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Mahakama ya Rufani ikaja kutenganisha: palipokuwa na sababu halali na kasoro ikawa ya utaratibu pekee, fidia hupungua. Mwajiri aliyeamriwa kumrudisha mtu na hataki kumwona tena anaweza kulipa fidia badala yake, juu ya mishahara iliyolimbikizwa hadi siku ya malipo ya mwisho. Shauri likichukua miaka miwili, malimbikizo hayo huzidi fidia yenyewe.

Upande usioridhika na tuzo una wiki sita za kuomba marejeo katika Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Marejeo hayo hayazuii utekelezaji mpaka mahakama iamuru hivyo. Tuzo isiyopingwa hutekelezwa kama hukumu ya mahakama, na mwajiri mkaidi anaweza kukamatiwa mali au kushikiwa akaunti ya benki.