Kabla ya kununua lenzi, itazame kalenda

Katika familia nyingi za mjini, kamera si anasa tena. Ni kazi ya pili ya baba anayepiga picha za harusi kila Jumamosi, au ya mama anayepiga picha za keki na nguo anazouza mtandaoni. Kwa familia kama hizo lenzi ni kifaa cha kazi kama cherehani, na hununuliwa kwa fedha ileile inayolipa ada na kodi ya nyumba.

Ndiyo maana suala la lini inunuliwe si la mpiga picha peke yake. Lenzi ileile, dukani palepale, inaweza kupishana bei kati ya mwezi na mwezi kwa kiasi kinachotosha sare na viatu vya mtoto.

Lenzi haizeeki kama bodi

Bodi ya kamera hupitwa na wakati baada ya miaka michache, na bei yake hushuka kadiri matoleo mapya yanavyoingia. Lenzi ni tofauti. Toleo moja linaweza kuuzwa miaka mingi bila kubadilishwa, na bei yake hukaa palepale. Anayesubiri ishuke yenyewe atasubiri sana. Kinachosaidia ni kujua misimu.

Misimu ya kuangalia

Wa kwanza ni mwishoni mwa Novemba. Siku ya mauzo iitwayo Black Friday huja baada ya sikukuu ya Shukrani ya Marekani, ambayo ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Kampuni kama Canon, Nikon na Sony hupunguza bei katika masoko makubwa, na maduka ya Afrika Mashariki nayo yameiga. Tahadhari ni moja: wapo wauzaji wanaopandisha bei kwanza ili baadaye waonekane wameipunguza. Andika bei ya Oktoba, ndipo utajua kama punguzo ni la kweli.

Wa pili ni toleo jipya linapotangazwa. Wenye lenzi ya zamani huanza kuiuza, na mara nyingi tofauti ya picha ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Mfano mkubwa ni wa mwaka 2018, Canon na Nikon walipoleta kamera zenye mfumo mpya wa kufungia lenzi, RF kwa Canon na Z kwa Nikon. Tangu hapo wapiga picha wengi wameuza lenzi zao za zamani. Lenzi za Canon za mfumo wa EF, ulioanza mwaka 1987, bado zinafanya kazi kwenye kamera mpya za RF kwa kutumia adapta. Kwa Nikon uliza kwanza, kwani baadhi ya lenzi za zamani zitakulazimu kulenga kwa mkono.

Wa tatu ni msimu wa ukata. Januari, ada inapobisha hodi, wapo wanaouza vifaa ili wapate fedha taslimu. Kwaresima na Ramadhani nazo hupunguza harusi, na mpiga picha asiye na kazi husikiliza bei kwa urahisi zaidi.

Ndugu wa Dubai

Wengine humwagiza ndugu anayesafiri. Ni njia nzuri, kwa kuwa Falme za Kiarabu humrejeshea mtalii sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo huko ni asilimia 5, endapo duka limo kwenye mpango huo na taratibu za uwanja wa ndege zimefuatwa. Lakini piga hesabu nzima: ushuru wa forodha, kodi ya nyumbani, na dhamana ambayo huenda isitambuliwe huku. Dola nayo ikipanda, punguzo linaweza kumezwa kabla mzigo haujafika.

Kusubiri nako kuna gharama

Tuseme kukodi lenzi ni shilingi 30,000 kwa siku, na mzazi ana kazi tatu kwa mwezi. Akisubiri miezi minne ili apate punguzo la 150,000, atakuwa ametoa 360,000 za kukodi. Huyo ni bora anunue leo. Lakini anayeitaka lenzi kwa kipaimara cha mwanawe tu akodi siku moja, na fedha nyingine ibaki nyumbani.

Mtego mkubwa ni kwamba punguzo la Novemba huja wiki chache tu kabla ya shule kufunguliwa Januari. Lenzi iliyonunuliwa kwa fedha ya ada, au kwa mkopo wa simu, si ya bei nafuu hata ikiwa imepunguzwa nusu. Njia salama ni kutenga kiasi kidogo kila mwezi kuanzia Juni, kwenye akaunti au bahasha yake, ili Novemba ikifika fedha ya lenzi isigombane na fedha ya daftari.

Ukikutana na iliyotumika

Mulika tochi ndani ya vioo. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, tatizo la kawaida penye unyevu kama pwani, na kuisafisha ni ghali. Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, lenga kitu cha karibu na cha mbali, zungusha pete zake zote, kisha uzitazame picha ukiwa umezikuza. Omba risiti ya awali na linganisha namba ya lenzi. Muuzaji akikwepa swali la namba, ondoka hata kama bei inavutia. Lenzi ya wizi huweza kuondoka na polisi, na fedha yako isirudi.

Kabla ya kutoa hela, mume na mke waandike namba tatu: bei ya lenzi ikiwa na gharama zote, kipato ambacho lenzi italeta kwa mwezi, na ada inayosubiri. Namba ya tatu ikiwa bado haijatimia, msimu mwingine utakuja.