Uvimbe kwenye kongosho: kabla ya kutaja saratani

Mgonjwa akitoka chumba cha altrasaundi hapa Juba na karatasi inayosema ana uvimbe kwenye kongosho, ndugu huanza kunong'ona: saratani. Wanawahi mno. La kujua kwanza ni kama ndani ya uvimbe huo mna maji au nyama. Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, na gesi ikijaa halionekani, ndiyo maana mpimaji mzoefu humnywesha mgonjwa maji kwanza kisha akapima tena. Kwenye skrini maji ni meusi tii. Nyama ni kijivu.

Kama ni maji, historia ya mgonjwa ina thamani kuliko mashine. Aliwahi kushikwa ghafla na maumivu ya chembe cha moyo yaliyopenya hadi mgongoni? Anakunywa araki sana? Ana mawe kwenye nyongo? Basi huenda ni masalia ya kongosho lililowahi kuvimba: maji yaliyozungukwa na ukuta wa kovu, ambao huchukua kama wiki 4 kukomaa. Vifuko vingi vya aina hii hunywea vyenyewe.

Kisha muulize kwao ni wapi, na kama nyumbani kuna mbwa. Vitabu vya Ulaya huliweka swali hili mwishoni. Mimi naliweka mbele. Watoposa wa Kapoeta, kama jirani zao Waturkana wa Kenya, ni miongoni mwa jamii zinazosumbuliwa zaidi duniani na hidatidi, ugonjwa wa mnyoo wa mbwa. Mara nyingi vifuko vyake hukaa kwenye ini au mapafu, kwenye kongosho ni nadra, lakini cha ini kikining'inia chini huweza kudhaniwa ni cha kongosho. Ukiona vifuko vidogo ndani ya kikubwa, weka sindano chini. Maji yake yakivuja tumboni huweza kuleta mzio wa kuua, au kupanda vifuko vipya.

Hidatidi ikishaondolewa shaka, maji yanaweza kuvutwa na kupimwa. Hata kile kipimo kidogo cha sukari cha wagonjwa wa kisukari husaidia: sukari ikiwa chini ya miligramu 50 kwa desilita, huenda kifuko ni cha ute, aina inayoweza kugeuka saratani.

Uvimbe wa nyama unatisha zaidi, na kwa haki. Hata hivyo kifua kikuu cha tezi zinazozunguka kongosho, hasa kwa mwenye VVU, hufanana nao sana, nacho kinatibika kwa dawa za miezi 6 au zaidi. Kwa hiyo kipande kichukuliwe kikapimwe kabla ya mtu kuambiwa arudi nyumbani kusubiri.

Asiyepaswa kungoja ni yule ambaye macho yamekuwa manjano bila maumivu, choo kimepauka, mkojo umekuwa kama chai ya rangi na mwili unakwisha. Huyo apelekwe hospitali leo.