Mwambie Jirani Kabla ya Kuomba Kibali

Ndugu Mkulima,

Huenda shamba lako liko kando ya barabara, nawe wataka kutumia sehemu ya mbele kujenga duka au kisiagi cha mahindi. Fikira hiyo ni nzuri. Lakini kumbuka kwamba mashamba ya skimu yalipimwa yawe ya kulima na kufuga. Kutumia hata kipande chake kwa kazi nyingine ni kubadili matumizi ya ardhi, na jambo hilo lahitaji kibali cha serikali ya kaunti. Tena sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 yasema kwamba mwenye kuomba kibali cha namna hii lazima aitangazie jamii, ili mwenye pingamizi alilete.

Kwa nini jirani aambiwe, na shamba ni lako? Kwa sababu kelele, moshi na maji machafu havijui bikoni. Maji ya paa lako yakielekezwa vibaya yatakula udongo wa shamba lililo chini. Choo kikichimbwa karibu na kisima cha jirani, watoto wake watakuwa hatarini. Kabla ya msingi kuchimbwa, makosa haya husahihishwa kwa kalamu. Baada ya kuta kusimama, husahihishwa kwa nyundo na kwa fedha nyingi.

Basi fanya hivi:

1. Mwone afisa wa mipango ya ardhi wa kaunti. Atakueleza karatasi zinazotakiwa na jinsi tangazo linavyotolewa.

2. Piga vigingi mahali unapotaka kujenga, kisha waite majirani wote unaopakana nao waje waone. Usimsahau aliye ng'ambo ya barabara. Kama mwenye shamba amefariki, ita jamaa yake wanaolitumia.

3. Sikiliza maneno yao. Pengine kusogeza kisiagi hatua chache tu kutamaliza ubishi.

4. Andikeni mliyopatana, mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Lakini karatasi hiyo haichukui nafasi ya tangazo la sheria.

5. Usichimbe msingi kabla ya kupata kibali. Anayejenga bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Tena aweza kuamriwa airudishe ardhi kama ilivyokuwa.

Na wewe uliye jirani, ukiona tangazo usinung'unike sokoni. Peleka pingamizi lako kwa maandishi katika kaunti, ukieleza madhara utakayopata. Wivu si sababu. Kaunti ndiyo inayoamua, wala pingamizi la mtu mmoja halizuii kibali kwa lenyewe. Mwombaji au jirani asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango ya ardhi.

Ndugu Mkulima, wateja wa kwanza wa kisiagi chako watakuwa hao hao majirani. Ni afadhali waje na magunia ya mahindi kuliko kuja na barua ya mashtaka. Kwa hiyo kabla hujashika njia ya kwenda kaunti, vuka ua kwanza.